Kanuni Huria, Tafsiri Huria? Mikakati ya Kibiashara ya Wachapishaji wa Michezo ya Uhusika ya Mezani na Funzo Lake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua mikakati ya kibiashara inayotumiwa na wachapishaji wa michezo ya uhusika ya mezani, na inaonyesha uhusiano uliopo kati ya mikakati hiyo na lugha ambazo michezo hiyo huweza kuchapishwa. Kwa kufuata historia ya Dungeons & Dragons tangu mwaka 1974, makala inabainisha mikakati minne: kuuza vitabu vya nyongeza, kufungua kanuni kwa leseni huria, kuchangisha fedha kabla ya uchapaji, na kuuza huduma za kidijitali. Kisha inalinganisha njia ambazo Kijerumani, Kiswidi na Kireno cha Brazili zilipata michezo yao. Hoja kuu ni kwamba, kwa lugha yenye soko dogo la vitabu, uamuzi wa mchapishaji kuhusu hakimiliki una nguvu ya sera ya lugha. Tangu Januari 2023 mtu yeyote anaruhusiwa kutafsiri kwa Kiswahili kanuni za msingi za mchezo mkongwe kuliko yote ya aina hii. Hata hivyo, leseni iliyotoa ruhusa hiyo haimzuii mtafsiri wa kwanza kuifunga tafsiri yake. Makala inapendekeza namna ya kuziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa uhusika wa mezani huchezwa na kikundi kidogo, mara nyingi watu wanne hadi sita. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki huwa na mhusika wake. Msimulizi hueleza mahali na hali ilivyo. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini. Na pale ambapo matokeo yana shaka, dadu hurushwa na kanuni zilizoandikwa huamua. Hakuna ulazima wa kuwa na ubao, na kwa kawaida hakuna mshindi. Takribani kila kinachotokea hutokea kwa maneno ya mdomo. Kikao kimoja huweza kuchukua saa tatu au nne, na kisa kimoja kikaendelezwa kwa miezi.

Kwa mtafiti wa lugha, bidhaa hii ina sifa isiyo ya kawaida. Kinachouzwa ni kitabu, lakini matumizi yake ni mazungumzo. Anayenunua riwaya huisoma peke yake na kuimaliza. Anayenunua kitabu cha kanuni hukitumia kuzalisha masimulizi mapya pamoja na wenzake, kwa lugha waliyoichagua. Jamii za Waswahili zina mazoea ya muda mrefu ya utanzu wa aina hii. Mtambaji wa ngano hakutamba bila hadhira inayoitikia, na kitendawili hakikamiliki mpaka apatikane wa kukitegua au mji utolewe.

Pamoja na hayo, mijadala ya sera kuhusu uenezaji wa Kiswahili kwa kawaida huelekezwa kwenye vitabu vya kiada, fasihi, vyombo vya habari na teknolojia ya habari. Michezo ya aina hii haina nafasi katika mijadala hiyo, na sababu moja ni kwamba huonekana kuwa jambo la burudani na biashara ya mbali. Makala hii inaanza na biashara yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoamua ni lugha zipi zinaruhusiwa kuingia.

2.0 Bidhaa Inayouzwa na Udhaifu Wake

Ili kuelewa mikakati ya wachapishaji, ni muhimu kutenganisha tabaka tatu za bidhaa yao. Tabaka la kwanza ni kanuni: namna ya kumuunda mhusika, kurusha dadu na kupima matokeo. La pili ni ulimwengu wa kubuni: miji, miungu, historia na wahusika mashuhuri wa mahali pa kisa. La tatu ni jina, yaani alama ya biashara inayomwezesha mnunuzi kuitambua bidhaa dukani.

Sheria huyashughulikia matabaka haya kwa njia tofauti. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, katika Ibara ya 9(2), unaeleza kwamba hakimiliki hulinda namna ya kueleza jambo, wala hailindi mawazo, taratibu au mbinu za utendaji. Kwa hiyo utaratibu wa kurusha dadu na kujumlisha namba si mali ya mtu kwa misingi ya hakimiliki, ilhali maneno yaliyotumika kuueleza utaratibu huo yanaweza kuwa mali. Ulimwengu wa kubuni hulindwa kwa nguvu zaidi, na jina hulindwa kwa sheria ya alama za biashara. Tafsiri inagusa moja kwa moja maneno yaliyolindwa: Ibara ya 8 ya Mkataba wa Berne inampa mwandishi haki ya pekee ya kutafsiri kazi yake au kuidhinisha itafsiriwe.

Udhaifu wa kiuchumi wa bidhaa hii unatokana na namna inavyotumika. Kikundi cha watu watano kinaweza kucheza kwa miaka kadhaa kwa nakala moja ya kitabu, na anayeinunua nakala hiyo kwa kawaida ni msimulizi. Mwezi Desemba 2022, viongozi wa Hasbro, kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons, waliwaeleza wawekezaji kwamba wasimulizi ni takribani asilimia 20 tu ya wachezaji, lakini ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya matumizi ya fedha. Mikakati yote inayojadiliwa hapa chini ni majibu kwa swali moja: mchapishaji apate vipi riziki kutokana na kitabu ambacho mtu mmoja hununua na watano hutumia?

3.0 Mikakati Minne

3.1 Kuuza vitabu vya nyongeza

Jibu la kwanza lilikuwa kumuuzia mnunuzi yuleyule vitabu zaidi. Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000, kila moja kwa bei ya dola 10. Baada ya nakala hizo kwisha, kampuni ilitoa nyongeza za kanuni, kisha visa vilivyoandaliwa tayari, kisha ulimwengu mzima mmoja baada ya mwingine: Dragonlance mwaka 1984, Forgotten Realms mwaka 1987, Ravenloft mwaka 1990, Dark Sun mwaka 1991 na Planescape mwaka 1994.

Mkakati huu una kikomo. Kila ulimwengu mpya uligharimu kuandikwa na kuchapwa, lakini msimulizi aliyezama katika ulimwengu mmoja hakuwa na sababu ya kununua vitabu vya mwingine. Badala ya kuongeza wateja, TSR iliwagawanya wale iliokuwa nao. Aidha, vitabu vilivyopelekwa katika maduka kupitia msambazaji viliweza kurudishwa visipouzwa. Mwishoni mwa mwaka 1996 marejesho ya aina hiyo yalikuwa makubwa, madeni yakaizidi kampuni, na mwaka 1997 TSR ikanunuliwa na Wizards of the Coast, mchapishaji wa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering. Hasbro nayo iliinunua Wizards of the Coast mwaka 1999.

3.2 Kufungua kanuni

Mwaka 2000, Wizards of the Coast ilitoa toleo la tatu la mchezo pamoja na jambo lililowashangaza wengi katika tasnia: Open Game License, leseni iliyomruhusu mtu yeyote kuchapisha na kuuza kazi zinazotumia kanuni za msingi bila kulipa mrabaha. Ryan Dancey, aliyeongoza mpango huo, alijenga hoja kwamba thamani ya mchezo hutegemea idadi ya watu wanaoujua. Kadiri kampuni ndogo zinavyotoa visa na nyongeza kwa kanuni zilezile, ndivyo wachezaji wanavyobaki katika kanuni hizo, na kila mchezaji mpya hatimaye huhitaji kitabu kikuu, ambacho mwenye jina ndiye anayekiuza. Kampuni ndogo zingebeba mzigo wa vitabu vyenye faida ndogo, na kampuni kubwa ingebaki na kitabu chenye faida kubwa.

Leseni hiyo ilifungua tabaka la kanuni na kufunga mawili yaliyobaki. Hata hivyo, ilikuwa na tokeo ambalo halikuwa lengo lake. Mwaka 2008 toleo la nne lilipotoka chini ya leseni yenye masharti magumu zaidi, leseni ya mwaka 2000 haikufutwa. Kampuni ya Paizo, iliyokuwa imechapisha majarida rasmi ya mchezo huo hadi mwaka 2007, ilichukua kanuni za toleo la tatu zilizokwisha kufunguliwa, ikaziboresha, na mwaka 2009 ikatoa kitabu kikuu cha Pathfinder. Mshindani mkubwa alizaliwa kutokana na maandishi ya mwenye mali mwenyewe, na kwa idhini yake.

Wachapishaji wadogo walikwenda mbali zaidi. Evil Hat ilitoa kanuni za Fate chini ya leseni ya Creative Commons, na mwandishi John Harper akafanya vivyo hivyo kwa kanuni za Blades in the Dark. Kwao uhuria una faida ya moja kwa moja: kila mchezo mpya unaojengwa juu ya kanuni hizo huitangaza kazi ya asili.

3.3 Kuchangisha fedha kabla ya uchapaji

Tangu kuanzishwa kwa Kickstarter mwaka 2009, wachapishaji wengi hutangaza kitabu kabla ya kukichapa, hukusanya fedha kutoka kwa wanaokitaka, na kuchapa nakala kulingana na maombi. Hatari iliyoiangusha TSR, yaani marejesho ya nakala zisizouzwa, hupungua sana. Mwaka 2021 kampuni ya Magpie Games ilichangisha zaidi ya dola milioni 9 kwa ajili ya Avatar Legends.

Hatari haikuisha, ilihama kutoka dukani hadi kwenye usafirishaji. Mwaka 2013 Chaosium, mchapishaji wa Call of Cthulhu tangu mwaka 1981, ilichangisha zaidi ya dola 500,000 kwa toleo la saba la mchezo huo. Ahadi za zawadi za ziada kwa wachangiaji, pamoja na gharama za kuzipeleka nchi mbalimbali, ziliilemea kampuni kiasi kwamba mwaka 2015 uongozi wake ulibadilishwa ili kuiokoa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki somo liko wazi: fedha hukusanywa kwa intaneti, lakini kitabu husafiri kwa meli na kulipiwa ushuru.

3.4 Kuuza huduma za kidijitali

Mkakati wa nne unajaribu kuwafikia wale asilimia 80 wasionunua vitabu. Programu ya intaneti ya D&D Beyond huhifadhi taarifa za mhusika wa kila mchezaji na hutoza ada kwa baadhi ya huduma. Hasbro iliinunua mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3. Sambamba na hilo lipo soko la DMs Guild, lililoanzishwa mwaka 2016, ambamo mwandishi binafsi anaruhusiwa kuandika katika ulimwengu uliofungwa wa kampuni na kupokea asilimia 50 ya bei, huku nusu nyingine ikigawanywa kati ya mwenye mali na mwenye soko. Sharti lake ni kwamba kazi iliyouzwa humo haiwezi kuuzwa mahali pengine.

4.0 Mgogoro wa Januari 2023

Mwanzoni mwa Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2000. Rasimu hiyo iliwataka wachapishaji kutoa taarifa za mapato yao, na ikaweka mrabaha wa hadi asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Kilichozua taharuki zaidi ni kauli kwamba leseni ya awali isingekuwa tena leseni iliyoidhinishwa. Kampuni zilizokuwa zimejenga biashara zao kwa zaidi ya miaka 20 juu ya ahadi hiyo zilijikuta hazijui kama ahadi bado ipo.

Wateja wengi walisitisha ada zao za D&D Beyond. Paizo ilitangaza leseni mbadala isiyomilikiwa na mchapishaji yeyote, iitwayo ORC. Wizards of the Coast iliomba maoni ya umma, na watu zaidi ya 15,000 wakajibu, walio wengi wakiipinga. Tarehe 27 Januari 2023 kampuni ilirudi nyuma: iliacha leseni ya zamani kama ilivyo, na zaidi ya hapo ikatoa hati yote ya marejeo ya kanuni za toleo la tano, yenye kurasa takribani 400, chini ya leseni ya Creative Commons inayodai utambuzi wa mwandishi tu. Leseni hiyo haiwezi kufutwa na aliyeitoa. Hati ya kanuni zilizosahihishwa ilitolewa mwaka 2025 chini ya leseni ileile.

Mgogoro huu kwa kawaida huelezwa kama ushindi wa wachezaji wa Marekani dhidi ya kampuni. Kwa mtazamo wa isimujamii, tukio lenye uzito zaidi lilikuwa jingine. Kwa siku moja, haki ya kutafsiri kanuni za Dungeons & Dragons ikawa haki isiyoweza kufutwa ya kila mtu, kwa kila lugha, bila mazungumzo wala malipo. Baadaye kampuni yenyewe ilitoa hati hiyo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Lugha nyingine ziliachwa kwa yeyote atakayejitolea.

5.0 Lugha Tatu, Njia Tatu

Umuhimu wa tukio hilo hudhihirika zaidi likilinganishwa na hali ilivyokuwa awali, pale lugha isiyo Kiingereza ilipotaka kuwa na mchezo wake.

Kijerumani kilifuata njia ya kutunga upya. Baada ya mazungumzo ya leseni na TSR kutofanikiwa, kampuni za Schmidt Spiele na Droemer Knaur zilimwendea Ulrich Kiesow, aliyekwisha kutafsiri michezo ya aina hii kutoka Kiingereza, na mwaka 1984 zikatoa Das Schwarze Auge. Mchezo huo ulitungwa kwa Kijerumani tangu mwanzo, ukaendelezwa kwa miongo kadhaa, na kwa muda mrefu uliushinda ule wa Kimarekani katika soko la Ujerumani. Njia hii ilihitaji mtaji, mtandao wa maduka ya vitabu na vifaa vya watoto, na soko la mamilioni ya wasomaji.

Kiswidi, lugha ya wasemaji takribani milioni 10, kilifuata njia ya leseni nafuu. Mwaka 1982 kampuni ya Äventyrsspel ilipata leseni ya kutumia kanuni rahisi za Chaosium badala ya zile za TSR, na ikatoa Drakar och Demoner. Kanuni zilikuwa za kuazima, lakini ulimwengu, visa na istilahi vilikua kwa Kiswidi, na mchezo huo ukawa ndio uliowafunza vijana wengi wa Uswidi aina hii ya burudani. Miaka 40 baadaye mkondo uligeuka: mwaka 2023 kampuni ya Kiswidi ya Free League ilitoa toleo jipya la mchezo huo kwa Kiswidi na kwa Kiingereza, kwa jina la Dragonbane. Lugha iliyoanza kwa kuazima sasa inauza nje.

Kireno cha Brazili kilifuata njia ya leseni huria. Tormenta ilianza mwaka 1999 kama ulimwengu wa kubuni uliotolewa pamoja na jarida la Dragão Brasil, bila kanuni zake yenyewe. Leseni ya mwaka 2000 iliwawezesha waandishi wake kuchukua kanuni zilizofunguliwa, kuziandika kwa Kireno na kuziunganisha na ulimwengu wao. Mwaka 2010, wakati mwenye kanuni alipokuwa amekwisha kuhamia toleo jingine, Tormenta RPG ilitoka ikiwa kitabu kamili kinachojitegemea. Toleo lililofuata, Tormenta20, lilichangiwa fedha na wasomaji mwaka 2019 kupitia jukwaa la Kibrazili la Catarse.

Mifano hii mitatu inaonyesha mpangilio mmoja. Kadiri kanuni zinavyofungwa, ndivyo lugha inavyohitaji soko kubwa na mtaji mkubwa ili ipate mchezo wake. Kadiri zinavyofunguliwa, ndivyo inavyowezekana kwa kikundi cha waandishi wachache wenye jarida kuanzisha kitu kinachodumu. Katika lugha zote tatu, kilichodumu ni ulimwengu na visa vilivyotungwa ndani ya lugha yenyewe; tafsiri ya kanuni ilikuwa ngazi ya kupandia.

6.0 Kiswahili mbele ya Mlango Uliofunguliwa

6.1 Hali ya kisheria

Kabla ya mwaka 2023, mtafsiri wa Kiswahili aliyetaka kutoa kanuni za mchezo huu alitegemea leseni ambayo masharti yake, kama rasimu iliyovuja ilivyoonyesha, yangeweza kutiliwa shaka na mwenye mali. Kiambatisho cha Mkataba wa Berne kinachozihusu nchi zinazoendelea hakikuwa msaada, kwa sababu leseni za lazima za kutafsiri zinazotajwa humo ni kwa ajili ya ufundishaji, taaluma au utafiti. Mchezo hauingii humo kwa urahisi. Leo pingamizi hilo halipo. Tafsiri ya Kiswahili ya hati ya kanuni inaweza kufanywa, kuchapwa na kuuzwa, ilimradi chanzo kitambuliwe na alama ya biashara ya mwenye mali isitumiwe kama jina la bidhaa.

Hapa ndipo pengo linapojitokeza. Leseni iliyotumika inadai utambuzi tu. Haidai kwamba kazi zitokanazo nazo ziwe huria. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, tafsiri hulindwa kama kazi asilia bila kuathiri haki za mwandishi wa kwanza. Kwa hiyo mtafsiri wa kwanza wa Kiswahili atakuwa na haki kamili ya kuifunga tafsiri yake. Maandishi ya Kiingereza yatabaki huru, lakini ufafanuzi na sentensi za Kiswahili zitakuwa mali ya mtu au kampuni moja. Wachapishaji watakaofuata watalazimika kutafsiri upya kwa maneno tofauti, na wachezaji wa Kampala watajifunza istilahi ambazo wenzao wa Dar es Salaam hawazitambui. Hali ambayo Dancey aliiona kuwa hasara kwa biashara, yaani wachezaji kugawanyika kati ya kanuni zisizoelewana, itajirudia ndani ya lugha moja.

6.2 Hali ya istilahi

Ukubwa wa suala hili huonekana katika mifano michache. Kanuni za Kiingereza hutofautisha aina tatu za watumiaji wa nguvu zisizo za kawaida: aliyezipata kwa kusoma, aliyezaliwa nazo, na aliyezipata kwa kuweka maagano na nguvu nyingine. Kiswahili kina mchawi, mganga na mlozi, lakini maneno haya hayatofautiani kwa chanzo cha uwezo. Yanatofautiana zaidi kwa hukumu ya jamii juu ya mhusika: mganga hutibu, mchawi na mlozi hudhuru. Mtafsiri atakayeandika mchawi kwa aina zote tatu atakuwa ameingiza hukumu ambayo kanuni haikuwa nayo, na atamfanya mzazi au mwalimu akitilie shaka kitabu kabla ya kukifungua. Hilo ni suala la isimu na pia la biashara.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina nafuu zake. Kiingereza hutumia neno moja kutaja hatua ya ukuaji wa mhusika na pia kiwango cha ugumu wa uchawi, jambo linalowatatiza wanaoanza. Kiswahili kinaweza kutenga ngazi kwa la kwanza na daraja kwa la pili, na utata ukaisha. Vilevile, tatizo la vitabu vya Kiingereza la kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume kwa mchezaji asiyejulikana halipo katika lugha ambayo kiambishi cha nafsi hakibainishi jinsia.

Uamuzi wa namna hii ukifanywa mara moja, kwa pamoja na kwa uwazi, utawafaa wote watakaofuata. Ukifanywa na kila mchapishaji kivyake, utaleta mkanganyiko ambao mabaraza ya lugha yatatakiwa kuusuluhisha baadaye kwa gharama kubwa zaidi.

6.3 Udhaifu unaogeuka kuwa faida

Ilielezwa hapo awali kwamba udhaifu wa kiuchumi wa bidhaa hii ni kuwa nakala moja hutumiwa na watu watano. Kwa mchapishaji wa Marekani hiyo ni hasara. Kwa msimamizi wa sera ya lugha ni kinyume chake: nakala moja iliyowekwa katika maktaba ya shule au mikononi mwa chama cha Kiswahili inaweza kuzalisha saa nyingi za mazungumzo, simulizi na majadiliano. Nchini Uganda, Rwanda na Burundi, ambako wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili darasani na kukosa mahali pa kukizungumza nje yake, sifa hiyo ina uzito wa pekee. Mchezaji hapati nafasi ya kunyamaza. Mhusika wake asipoambiwa la kufanya, kisa husimama.

Ni busara, hata hivyo, kutotia chumvi. Mchezo wa aina hii hauchukui nafasi ya mwalimu, na kanuni zenye kurasa 400 ni mzigo kwa anayeanza. Mfano wa Uswidi unaonyesha kwamba kanuni fupi na rahisi zinaweza kufaa zaidi. Kanuni huria zilizo fupi zipo, na tafsiri inaweza kuanzia huko.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba mikakati ya wachapishaji wa michezo ya uhusika ya mezani imetokana na jitihada za kukwepa udhaifu mmoja, na kwamba mkakati wa kufungua kanuni, uliobuniwa kwa faida ya kampuni, uliishia kufungua njia kwa lugha ambazo kampuni haikuzifikiria. Kiswahili ni mojawapo. Mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, taasisi yoyote ya umma itakayogharimia tafsiri ya kanuni za aina hii iweke sharti kwamba tafsiri itolewe kwa leseni ya Creative Commons inayodai kazi zitokanazo nazo ziwe huria kwa masharti yaleyale. Sharti hilo haliongezi gharama, na ndilo pekee linalozuia tafsiri ya kwanza kuwa tafsiri ya mwisho. Mchapishaji binafsi atabaki na uhuru wa kuuza ulimwengu na visa vyake kwa faida.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na vyombo vya nchi nyingine wanachama, iandae orodha fupi ya istilahi za michezo ya uhusika kabla ya soko kuziamua. Maneno yanayohitajika si mengi, na wakati mzuri wa kuyasanifisha ni sasa, ambapo hakuna mwenye bidhaa ya kuitetea.

Tatu, fedha za kuendeleza uandishi zielekezwe zaidi kwenye visa na ulimwengu uliotungwa kwa Kiswahili kuliko kwenye kanuni. Kanuni zinaweza kuazimwa bila malipo. Visa vya mwambao, vya maziwa makuu au vya njia za misafara havipo katika hati yoyote iliyofunguliwa na Marekani, na hakuna atakayeviandika kwa Kiswahili ila wenye lugha.